Jimbo Katoliki la Kollam, India Kusini: umri wake tuuhesabu kuanzia 1329 au 1886?

#1 Kalamu ya Mwanzi
Wakuu, salaam.

Kila Ukatoliki wa India ukitajwa, watu wanakimbilia Goa na Wareno. Mimi nabisha. Tarehe 9 Agosti 1329 Papa Yohane XXII, akiwa Avignon, Ufaransa ya leo, aliunda jimbo Kollam, mji wa bandari kusini mwa Kerala ya leo. Waingereza waliuandika Quilon, hati za Kilatini zinauita Columbum. Siku 12 baadaye, 21 Agosti, akamteua Mdominikani Mfaransa, Jordanus Catalani, awe askofu wa kwanza. Goa ilipata jimbo 1533. Hapo kuna miaka 204 katikati, na Vasco da Gama hata babu yake alikuwa hajazaliwa.

Sasa nauliza: jimbo lenye hati halali lilipoteaje mpaka likaundwa upya tarehe 1 Septemba 1886? Na hili la sasa ni lilelile au ni jipya limerithi jina? Nasema hivi: ni lilelile, na ndilo la kwanza Asia nzima. Nawasilisha.

#2 Kinyonga Mweupe
Mkuu, karatasi ya jimbo si jimbo. Nitajie askofu wa pili wa Kollam baada ya Jordanus. Kutoka 1329 mpaka Wareno wanatia nanga hakuna jina. Na Jordanus mwenyewe barua zake mbili zinazojulikana ni za kabla hajawa askofu, ya Oktoba 1321 na ya Januari 1324. Akiwa amevaa pete ya uaskofu hajaandika mstari hata mmoja kutoka Malabar, pwani hiyo ya Kerala.

#3 Mzee wa Makabrasha
#1 na #2 wote mna vipande. Niviunge.

Jordanus alifika pwani ya magharibi ya India 1321 pamoja na Wafransisko wanne, Ndugu Wadogo, waliokuwa safarini kwenda China. Nia ilikuwa Kollam, lakini chombo kikawapeleka Thana, karibu na Mumbai ya leo. Yeye alipokwenda Sopara kubatiza, wale wanne wakauawa Thana, Aprili 1321: Thomas wa Tolentino, James wa Padua, Peter wa Siena na Demetrius, mtu wa Tiflis aliyekuwa mkalimani. Jordanus akawazika Sopara. Miaka michache baadaye Odoric wa Pordenone akapita, akaichukua mifupa akaenda nayo China.

Katika barua ya 1321 Jordanus anawatajia wenzake vituo vinavyofaa kwa wamisionari: Sopara, eneo la Bharuch, na Columbum. Kwa hiyo jina la Kollam halikuokotwa na makarani wa Avignon kwenye ramani. Alilipeleka yeye mwenyewe aliporudi Ulaya.

Jimbo liliwekwa chini ya jimbo kuu la Sultaniyeh, Uajemi, lililoanzishwa 1318. Hapo ndipo #1 umechapia: "la kwanza Asia nzima" haiwezekani. Mama yake yuko Asia na amemtangulia miaka 11. Khanbaliq, yaani Beijing, ilikuwa na askofu mkuu wa Kilatini, yaani wa ibada ya Roma, tangu 1307, John wa Montecorvino. Antiokia na Yerusalemu hata sizigusi. Sema la kwanza la Kilatini India, hapo hakuna wa kukubishia.

#4 Kalamu ya Mwanzi
Nimekubali, Mzee. Futa "Asia nzima", weka "India".

#5 Tarakimu
Kabla hamjaenda mbali, tarehe. Mtakutana na vitabu vinavyosema 1328, msidhani ni kosa la kiwandani.

Hati ya kipapa ya wakati ule haikuandikwa "1329". Iliandikwa siku kwa hesabu ya Kirumi na mwaka wa upapa wa mhusika. Tarehe 9 Agosti ni siku ya 5 kuelekea Idi ya Agosti. Idi yenyewe, siku ya katikati ya mwezi kwa Warumi, ni tarehe 13, na Warumi walihesabu ncha zote mbili: 13, 12, 11, 10, 9. Ukitoa 13 kutoa 5 utapata 8 na utakuwa umekosea siku moja.

Mwaka sasa. Yohane XXII alichaguliwa 7 Agosti 1316, akavikwa taji 5 Septemba 1316. Ofisi yake ilihesabu kuanzia taji. Mwaka wa 13 wa upapa kwa hesabu hiyo unaanza 5 Septemba 1328 na kuisha 4 Septemba 1329, kwa hiyo 9 Agosti ya mwaka wa 13 ni 1329. Ukikosea ukaanzia uchaguzi, mwaka wa 13 unaanza 7 Agosti 1328, na 9 Agosti inakuangukia 1328. Tofauti ya siku 29 kati ya kura na taji inakuhamishia jimbo mwaka mzima.

#6 Chungu cha Tatu
Idi ya Agosti tena! Na pilau lilikuwepo?

#7 Mwanafunzi wa Jana
Naomba kueleweshwa wakuu. Columbum inakuwaje Kollam na si Colombo ya Sri Lanka? Ukisoma harakaharaka unaona Colombo kabisa.

#8 Mzee wa Makabrasha
Swali zuri, na wengi wameteleza hapo. Angalia maelezo yanayozunguka jina, usiangalie jina peke yake. Columbum ya mwandishi wa karne ya 14 ni mji wa pilipili manga, una Wakristo wa Mtume Tomaso (Wakristo wa kale wa Malabar wanaosema imani yao ililetwa na mtume huyo), una Wayahudi, na meli za China zinafika. Marco Polo anauita Coilum kwa sifa hizohizo. Waarabu wanauita Kaulam. Sri Lanka wakati huo inasifiwa kwa mdalasini na vito, na waandishi haohao wanaitaja pembeni kama nchi nyingine.

Mtego umebaki mpaka leo kwenye majina rasmi ya Kilatini. Colombo ni Columbensis in Taprobane, hiyo Taprobane ikiwa ni jina la kale la kisiwa chao. Columbensis tupu sasa ni jimbo la Columbus, Ohio, Marekani. Kollam yenyewe inaitwa Quilonensis. Mtu akitafuta "Columbensis" bila kuangalia karne, atamweka Jordanus Ohio.

#9 Chungu cha Tatu
Jordanus wa Ohio, mlinzi wa mahindi.

#10 Sakristia ya Nyuma
Turudi kwenye swali la kupotea. Mnaangalia barua na majina tu. Angalieni kabati la sakristia.

Jimbo la Kilatini siku hizo lilihitaji mafuta ya mzeituni kila mwaka. Askofu anabariki aina tatu siku ya Alhamisi Kuu: ya wagonjwa, ya wakatekumeni, na krisma, ambayo huchanganywa na zeri. Malabar kuna nazi na ufuta, mzeituni haupo. Mafuta yatoke Mediterania au Shamu, yapite Uajemi, yapakiwe Hormuz, bandari ya Ghuba. Divai nayo vilevile, mzabibu hauoti kwenye mvua ya Kerala. Wareno walipofika waliwakuta Wakristo wa Mtakatifu Tomaso wakiloweka zabibu kavu majini, wakizikamua, na maji yake ndiyo divai ya misa. Zabibu kavu nazo zinaletwa na meli. Ngano ya hostia, mkate wa misa, pia.

Halafu upadrisho. Askofu akifa bila kupadrisha wenyeji, waliobaki ni mapadre wa nje wanaozeeka. Wa kumweka askofu mwingine wakfu, kwa desturi maaskofu watatu, wako Uajemi. Askofu mmoja akifa baharini, mnyororo umekatika. Kwangu jimbo la 1329 lilikufa kwa kukosa mafuta na mikono, basi.

#11 Kinyonga Mweupe
#10 hapo nakupa nusu. Mafuta yakipungua kanuni ya zamani iliruhusu kuongeza yasiyobarikiwa, mradi unaloongeza liwe dogo kuliko lililobaki. Na ubatizo bila krisma ni halali. Mapadre wanaweza kusukuma miaka mingi hivyo. Hoja ya mikono ndiyo nzito, ya mafuta ni nyepesi.

#12 Sakristia ya Nyuma
Sawa, kanuni ya kuongeza ipo. Lakini unaongeza mafuta gani? Bado ni ya mzeituni. Ukimimina ya nazi umeharibu chupa yote.

#13 Bint Pate
Nawasoma tangu asubuhi, naona wote mko nchi kavu.

Njia ilikuwa hivi: Avignon, bahari mpaka Trebizond, ngamia mpaka Tabriz, Sultaniyeh, kuteremka Hormuz, kisha chombo mpaka India. Malabar inafunga bandari kusi likikaza, Juni mpaka Agosti. Mawimbi yanapiga moja kwa moja pwani iliyo wazi, hakuna nahodha anayekaribia. Ukiikosa safari ya kuanzia Septemba, unakaa Hormuz kwenye joto na maji ya kununua. Barua ikienda na jibu likirudi, hesabu misimu, usihesabu miezi.

Sasa tazameni nini kilitokea. Jordanus alikabidhiwa pamoja na askofu wa Samarkand kumpelekea askofu mkuu mpya wa Sultaniyeh, John de Cora, ile palio yake, kitambaa cha mabegani cha askofu mkuu. Yaani hata safari ya kurudi ilibidi apitie Uajemi. Mwaka 1335 Abu Sa'id, mtawala wa Kimongoli wa Uajemi, akafa bila mrithi. Dola ikavunjika vipande, kila amiri na kipande chake. Ngamia wa Tabriz hadi Hormuz wakawa wanapita kwa rehema za Mungu. Jimbo la Kollam lilining'inia kwenye kamba moja, na kamba hiyo ilikatika miaka 6 tu baada ya hati.

Na ushahidi mwingine. Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa 1331, alifika Kollam miaka ya 1340. Anaisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri ya Malabar, anataja wafanyabiashara Waislamu na Wachina. Askofu wa Kizungu hamtaji.

#14 Mzee wa Makabrasha
Bint Pate, la Uajemi nakuunga mkono. La Ibn Battuta silichukui. Yeye aliandika masheikh, makadhi na wakarimu wake. Kanisa dogo la wageni lisingemsimamisha njiani.

Kwa sababu kanisa lilikuwepo. John wa Marignolli, Mfransisko wa Florence, mjumbe wa papa aliyekuwa akirudi kutoka China, alifika Kollam 1348. Anaandika kwamba alikuta hapo kanisa la Mtakatifu Joji la Walatini, akalipamba kwa picha, akafundisha ndani yake. Kabla ya kuondoka alisimamisha nguzo ya jiwe yenye msalaba wa marumaru juu, nembo ya papa na yake mwenyewe, maandishi ya Kihindi na ya Kilatini, akaipaka mafuta mbele ya umati.

Yaani miaka 19 baada ya hati kuna kanisa la Kilatini lenye jina. Kinyonga, hilo nalo ni karatasi?

#15 Kinyonga Mweupe
Kanisa lipo. Askofu yuko wapi? Marignolli anakula, analala na kuhubiri hapo zaidi ya mwaka, hamtaji Jordanus hata kwa kumwombea marehemu. Mjumbe wa papa akae kwenye mji wa jimbo la papa, asiseme "nilikuta kiti kitupu"? Kwangu Jordanus hakurudi. Yale masimulizi ya kwamba alipigwa mawe 1336 hayana hati ya siku zile.

#16 Pilipili Manga
Hapo kwa Marignolli msipite haraka, kuna kitu kikubwa kuliko askofu.

Anasema Wakristo wa Mtakatifu Tomaso ndio wenye pilipili manga na ndio wenye mizani ya umma. Kila mwezi yeye, kama mjumbe wa papa, alipata kutokana na mizani hiyo fanamu (sarafu ndogo za huko) za dhahabu 100, na alipoondoka akapewa 1,000.

Sasa rudini nyuma miaka 500. Mwaka 849 Ayyan Adikal, mtawala wa Venad, aliandikisha kwenye mabamba ya shaba haki za kanisa la Tarisa hapo Kollam, lililojengwa na Maruvan Sapir Iso. Miongoni mwa haki hizo ni kutunza mizani na vipimo vya mji. Mashahidi wametia sahihi kwa mwandiko wa Kikufi (Kiarabu), wa Kipahlavi (Kiajemi cha kale), na wengine Kiajemi kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Mabamba yapo mpaka leo, yamegawanyika kati ya makanisa mawili ya Kerala.

Mnaelewa maana yake? Gunia la pilipili haliuzwi mpaka lipite kwenye mizani ya kanisa. Kanisa hilo ni la Mashariki, lenye askofu wake kutoka Mesopotamia, lina kipato, lina heshima kwa mfalme. Papa anamtuma Jordanus na barua kwa Wakristo hao waache utengano wao. Waache wampate nani? Mtawa mmoja asiye na mizani! Jimbo la 1329 halikufa, wakuu. Halikupata waumini wa kulisimamisha kwa sababu waumini walikuwa na kanisa lao tayari.

#17 Sakristia ya Nyuma
#16 umenifunga. Ila kipato cha Marignolli kinakugeuka. Kama wenye mizani walimlipa mjumbe wa papa dhahabu kila mwezi, uadui wa riti, yaani wa taratibu za ibada, haukuwa mkubwa hivyo.

#18 Pilipili Manga
Mgeni analipwa heshima. Mgeni akitaka kiti cha mwenye nyumba, ni habari nyingine. Ukitaka kuona, subiri karne ya 16 na 17: sinodi ya Diamper 1599, Wareno walipowalazimisha Wakristo hao kufuata Roma, na kiapo cha Msalaba wa Koonan tarehe 3 Januari 1653, walipoapa kuwakataa.

#19 Chungu cha Tatu
Huyu Pilipili Manga kila hoja anaimaliza kwa pilipili. Hebu basi tuambie, kweli Wazungu waliamini inachomwa moto ndiyo maana ni nyeusi?

#20 Pilipili Manga
Waliamini. Jordanus na Marignolli wote wawili wamekanusha. Jordanus anasema ni mmea unaotambaa juu ya miti kama mzabibu mwitu. Marignolli anasema ameona kwa macho yake na kugusa kwa mikono yake: vishada vya kijani, kisha vyekundu, kisha vinakauka kwa jua na kupukutishwa kwa fimbo juu ya shuka zilizotandazwa.

Hiyo fimbo ina walakini. Mkulima husubiri punje moja au mbili za kishada ziwe nyekundu, anachuma kishada kizima kwa mkono akiwa juu ya ngazi. Ukisubiri kiive chote, punje zinadondoka na ndege wanakushukuru. Vishada vinalundikwa usiku mmoja, vinapukuchuliwa, punje zinaanikwa juani siku 3 mpaka 5 huku zikigeuzwa. Weusi unatokea wenyewe ganda likikauka. Zikipata mvua katikati, ukungu, na mizani ya kanisa haikusaidii.

#21 Kalamu ya Mwanzi
Uzi wangu umekuwa shamba. Tuendelee. Nani ana la tauni?

#22 Mzee wa Makabrasha
Tauni ni hoja ya nne na wengi wanaipuuza. Marignolli anafika Kollam 1348, na mwaka huohuo Tauni Kuu inaingia Avignon yenyewe. Nyumba za watawa walipoteza watu kwa sababu waliishi pamoja na waliwahudumia wagonjwa. Wamisionari wa mbali walitegemea kikosi kipya kila baada ya miaka kadhaa. Kikosi kikikosa kuja mara mbili mfululizo, kituo kimekwisha. Uchina nayo hivyohivyo: nasaba ya Yuan ikaanguka 1368, na jimbo kuu la Khanbaliq likafifia. Kollam halikufa peke yake. Safu nzima ya majimbo ya njia ya Mongoli ilizimika.

#23 Bint Pate
Ndiyo maana nasema kamba. Tauni ilikuta kamba imeshakatika.

#24 Kinyonga Mweupe
Na mimi nasema kwenye ncha ya kamba hapakuwa na mtu. Tusizunguke.

#25 Mwanafunzi wa Jana
Swali jingine wakuu. Wareno walipofika mbona hawakulifufua jimbo la Kollam, wakaenda kuanzisha Goa na Kochi? Na je, pwani yetu huku iliwahi kuwa chini ya Kollam?

#26 Mzee wa Makabrasha
La pwani yetu kwanza kwa kuwa ni fupi: hapana. Jordanus ana kitu anachokiita India ya Tatu, ndiyo Afrika ya upande huu, na anakiri hajafika, amesikia kwa watu anaowaamini. Kanisa la pwani ya Afrika Mashariki lilikuwa chini ya Goa tangu karne ya 16, mpaka Msumbiji ilipotengwa 1612. Hata uchunguzi wa Wakristo waliouawa Mombasa 1631 wakati wa Sultani Dom Jerónimo Chingulia ulifanyiwa Goa.

Sasa Wareno. Walitia nanga Kollam 1503 na Afonso de Albuquerque. Mwaka 1505 wakazua ugomvi na meli za Waislamu bandarini. Wakala wao wa biashara na wenzake wakauawa, na kanisa walimokimbilia likachomwa. Ngome ya Thangassery wameijenga 1519. Lakini pilipili yao kubwa na mfalme rafiki walikuwa Kochi. Papa Paulo IV akaunda jimbo la Kochi, na Kollam ikawa parokia za chini yake. Askofu alifuata ghala.

#27 Tarakimu
Na Kochi ina ugonjwa wa tarehe uleule. Utaona 4 Februari 1557 na 4 Februari 1558. Hati za papa za wakati huo zilianza mwaka 25 Machi, kwa hiyo Februari bado ni mwaka wa jana. Angalia mwaka wa upapa: Paulo IV alichaguliwa Mei 1555. Februari ya mwaka wake wa 2 ni 1557 ya kwetu, ya mwaka wake wa 3 ni 1558.

#28 Sakristia ya Nyuma
#26 kuna sababu ya kisheria pia. Mfalme wa Ureno alikuwa na haki ya padroado: anapendekeza maaskofu, anawalipa, na anajenga makanisa. Haki hiyo ilishika kwenye majimbo aliyoyaanzisha na kuyagharimia yeye. Kufufua kiti cha Wadominikani wa Avignon kilichokuwa chini ya Uajemi kungemletea mashauri bila faida.

#29 Kinyonga Mweupe
Au hawakukumbuka tu. Mnawapa akili nyingi sana.

#30 Mzee wa Makabrasha
Inawezekana, Kinyonga. Ila mlolongo wa baadaye unajulikana vizuri, nauweka kwa kifupi.

Waholanzi waliichukua Kollam 1661, na Kochi Januari 1663. Mapadre wa Kizungu wakafukuzwa. Wakarmeli ndio waliobaki kuishika Malabar kwa niaba ya Roma, makao yao yakiwa Verapoly, karibu na Kochi. Mwaka 1838 Papa Gregori XVI akaiondolea Kochi mamlaka ya jimbo, maeneo yake yakawekwa chini ya Verapoly. Mwaka 1845 Verapoly ikagawanywa, Kollam ikapata vikarieti yake (eneo la kimisioni ambalo bado si jimbo kamili), na 1853 mgawanyo ukakamilishwa. 1 Septemba 1886 Papa Leo XIII akasimika uongozi kamili wa Kanisa India, na Kollam ikawa jimbo chini ya Verapoly.

Maaskofu walikuwa Wakarmeli wa Ulaya. Anayekumbukwa zaidi ni Aloysius Maria Benziger, Mswisi wa Einsiedeln, aliyeongoza 1905 hadi 1931. Mbele yake, hapo Kollam, tarehe 20 Septemba 1930, Mar Ivanios, askofu wa Waorthodoksi wa Malankara, na wenzake wanne waliingia katika ushirika na Roma: maaskofu wawili, padre, shemasi na mlei, jumla watu 5. Kanisa zima la Siro-Malankara limeanzia hapo. Askofu mzawa wa kwanza ni Jerome Fernandez, 1937 hadi 1978.

#31 Pilipili Manga
Mzee, hebu acha nikae na hilo la 1930. Siku za Jordanus papa anawaandikia Wakristo wa Mashariki kupitia askofu wa Kollam, waje. Wanakuja baadhi yao mwaka 1930, mbele ya askofu wa Kollam, na wanabaki na riti yao ya Kiantiokia. Barua ilichelewa miaka kama 600.

#32 Bint Pate
Posta ya Hormuz hiyo.

#33 Sakristia ya Nyuma
Angalizo kwa #31: waliokuja 1930 ni tawi la riti ya Kiantiokia, iliyoshika Malabar baada ya kiapo cha 1653. Wale wenye mizani wa Marignolli walitumia riti ya Mesopotamia. Mti mmoja wa Mtakatifu Tomaso, matawi tofauti. Usiwaunganishe kwa uzi mmoja mnyoofu.

#34 Kalamu ya Mwanzi
Na leo jimbo lina ukubwa gani kulinganisha na la zamani? Hati ya 1329 si ilihusu India karibu yote?

#35 Mzee wa Makabrasha
Limekatwa kama keki. Upande wa Watamil wa kusini ukawa Kottar, Mei 1930. Trivandrum ikatoka 1937. Punalur 1985. Na sasa kichekesho cha sheria: 2004 Trivandrum ikapandishwa kuwa jimbo kuu, na Kollam ikawekwa chini yake. Mama amekuwa chini ya binti yake.

#36 Chungu cha Tatu
Mwaka huo wa 2004 mama alikuwa na umri wa miaka 675, binti 67. Wajukuu wakae kimya.

#37 Kinyonga Mweupe
Kama mama alikuwa na 675. Kwa hesabu yangu alikuwa na 118. Jimbo lililokaa zaidi ya miaka 500 bila askofu, bila padre wake, bila parokia, halafu likaundwa kwa hati mpya isiyoendeleza ile ya zamani, ni jipya.

#38 Sakristia ya Nyuma
Kinyonga, sheria ya Kanisa inasema kiti kilichoundwa halali hakifi kwa kukosa mtu wa kukikalia. Afrika Kaskazini kuna viti mamia vya zama za Augustino vilivyokaa karne nyingi bila waumini, na bado wanapewa maaskofu wa heshima kwa majina yale. Kinachokufa ni jumuiya. Kiti kinabaki mpaka Roma ikifute.

#39 Kinyonga Mweupe
Basi hapo unasema jimbo ni kiti. Mimi nasema jimbo ni watu. Tutafika lini?

#40 Chungu cha Tatu
Wakati mnagombania kiti, nimepiga hesabu kwa kalenda yao wenyewe ya Kollam, ile iliyoanza 825. Mwaka wao unaanza Chingam, katikati ya Agosti. 1 Septemba 1886 kutoa 824 ni 1062. 9 Agosti 1329 iko kabla ya katikati ya Agosti, natoa 825, napata 504. Tarakimu nikague.

#41 Tarakimu
1062 sawa. 504 umekosa, ni 505.

Hatua ni mbili. Kwanza, 9 Agosti 1329 ni ya kalenda ya Juliasi, ile ya zamani. Karne ya 14 ongeza siku 8 upate ya Gregori, tunayotumia leo: 17 Agosti. Pili, mwaka wa Kimalayalamu unafuata nyota na ni mrefu kidogo kuliko wa Gregori, unasogea siku moja kila miaka kama 61. Chingam inayoanza 17 Agosti siku hizi, 1329 ilianza siku kama 11 mapema, yaani karibu 6 Agosti ya Gregori. Kwa hiyo hati ilipotiwa muhuri, Kollam walikuwa wameshaingia mwaka mpya. 1329 kutoa 824 ni 505.

#42 Mwanafunzi wa Jana
Na huko kaskazini mwa Malabar nao walihesabu hivyohivyo?

#43 Tarakimu
Hapana. Kaskazini mwaka ulianza Kanni, mwezi mmoja baadaye, kwa hiyo 9 Agosti kwao ilikuwa bado 504. Chungu cha Tatu, jibu lako ni sahihi ukihamia Kannur.